Kisanduku cha Pongwe

Saa kumi na moja alfajiri, kituo cha maziwa, Pongwe.
Shekiondo anamimina ndoo ya kwanza,
mimi niko juu ya ngazi, bisibisi mdomoni,
nakifungua kisanduku nilichokifunga mwenyewe.

Kidogo, hakizidi kopo la majani ya chai.
Kazi yake moja: kulisikiliza tanki
na kupeleka habari mawinguni.
Ndivyo tunavyosema, mawinguni,
ingawa huko hakuna mvua,
ni majumba ya mbali yasiyo na madirisha,
mashine zimepandwa mistari kama mkonge,
na feni zinahema mchana kutwa, usiku kucha,
zisije zikaungua kwa maneno yetu.
Sijui huko luku ananunua nani.

Nilikiagiza kiseme kila sekunde.
Nyuzi nne. Nyuzi nne. Nyuzi nne.
Kikasema. Mashine ikaitika, ikaandika,
ikatunza nakala, na nakala ya nakala,
kwamba maziwa ya Pongwe bado ni baridi.
Nyuzi nne. Nyuzi nne.
Usiku wa tatu, saa saba, betri ya sola ikakauka
na kisanduku kikazima
katikati ya neno.

Saa nane umeme ukakatika.
Tanki likaanza kupata joto, polepole, kama mtu anayeingiwa na homa,
na aliyewekwa apige kelele
alikuwa ameshamaliza pumzi
kwa kusema kila kitu kiko sawa.

Lita mia tatu na arobaini.
Mama Mhina hakunitukana.
Alimwaga mtaroni, ndoo baada ya ndoo,
paka wa Pongwe nzima wakaja karamuni,
akasuuza ndoo ya mwisho, ndipo akauliza:
"Hicho kidude chako, baba,
kina lazima gani ya kuongea?"

Nilikuwa na jibu la chuoni. Nikalimeza.

Siku mbili nilikaa chini ya bati linalochoma
nikikifundisha kunyamaza.
Lala.
Amka baada ya dakika kumi, pima.
Ni vilevile? Rudi ulale.
Hesabu zako zipige hapahapa,
usivuke bahari kuuliza kilichomo chunguni.
Joto likipanda, tazama tena.
Likipanda tena, usimwonee mtu haya.

Kikanyamaza. Na kimya nacho kikawa kesi.
Kila asubuhi Shekiondo anakigonga kwa kidole,
anaweka sikio, ananipigia:
"Fundi, kimekufa?"
Hakijafa.
"Mbona hakisemi?"
Basi nikakipa neno moja kwa siku,
baada ya adhana ya alfajiri: *Nipo.*
Hilo tu. Shekiondo akaridhika,
siku hizi namsikia anakiitikia.

Masika yakaingia. Usiku wa Jumatano, saa tisa,
simu yake ikalia, nyuzi sita na nusu,
akatoka mbio na kanga ya mkewe kichwani
akalivuta jenereta mara nne, mara tano,
likakubali.
Nilipofika na pikipiki, matope hadi magotini,
nilitazama kwanza betri.
Robo tatu, na jua halijaonekana siku mbili.

Nikarudi Ngamiani, barabara ya kumi na nne, usingizi umeruka.
Nikafungua simu: picha elfu kumi na moja.
Sahani za pilau. Viatu dukani, vya bei nisiyoiweza.
Dari, niliyoipiga kwa kidole kilichoteleza,
mara sita, dari ileile,
na mahali fulani feni inazunguka kuilinda.

Nikafuta dari. Nikafuta viatu.
Pilau nikaisitasitia, nikaifuta.
Ile ya Mwanahawa, Raskazone, anacheka
maji yamemfika kiunoni na khanga inaelea,
sikuigusa.
Hiyo na iwashiwe taa.